Mimba za utotoni: hazijapanda mfululizo

Ndugu, umeuliza kama mimba za utotoni hapa Tanzania zinapanda kila mwaka. Hapana, hazipandi kila mwaka, ila hazijashuka kwa mstari ulionyooka pia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi ulikuta wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au wenye mimba ni 26% mwaka 2004/05, wakashuka hadi 23% mwaka 2010, wakapanda tena 27% mwaka 2015/16, kisha 22% mwaka 2022. Yaani karibu miaka 20 tumeshuka pointi nne tu, na hilo linaniuma.

Dodoma yetu ilikuwa 39% mwaka 2015/16, ikizidiwa na Katavi na Tabora tu kwa wingi wa mimba hizi. Nahudumu kliniki ya wajawazito huku Kongwa, na wengi wa hawa mabinti wametoka kaya maskini na shule waliishaiacha kabla ya mimba.

Angalia tu usichanganye asilimia na idadi: watu wanaongezeka, kwa hiyo asilimia inaweza kushuka na foleni kliniki isipungue. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule ya serikali. Kama unamjua aliyebaki nyumbani, mwambieni mzazi wake ampeleke.