"Wet behind the ears" maana yake ni hii

Mkuu, umeuliza kuhusu huu msemo wa Kiingereza: huyo supavaiza aliposema kijana mpya kazini ni "wet behind the ears" hakumaanisha dogo hajajifuta vizuri baada ya kuoga 😂 alimaanisha bado mbichi, kazi hajaijua, sisi tungemuita kuruta tu au kinda.

Neno kwa neno ni mtu mwenye majimaji nyuma ya masikio, na hiyo picha imetoka kwa wanyama. Kama ushawahi kuona ng'ombe akizaa utaelewa fasta, ndama anadondoka kalowa chapachapa, mama yake anaanza kumlamba mgongo, mbavu, uso, baadae kidogo manyoya yote yashakauka anajaribu kusimama miguu inatetemeka, ila ukipitisha kidole pale kwenye kibonde nyuma ya sikio bado pabichi kabisa. Mi nimelishika hilo sikio kwa babu nikiwa mdogo so huwa nacheka nikisikia huo msemo.

Afu inaelekea Waingereza sio wenyewe, wamekopa kwa Wajerumani ambao wanasema mtu bado hajakauka nyuma ya masikio, na kwenye Kiingereza ulianzia kuzoeleka Marekani, ambako wahamiaji wa Kijerumani walikuwa kibao. Wajerumani hao hao wana version nyingine, eti mtu ni kijani nyuma ya masikio, hapo naona wamechanganya ndama na tunda ambalo halijaiva lol.

Ila usimwambie mtu usoni, ni dharau flani hivi. Akijisemea mwenyewe poa.