Jirani kafiwa, nimeambiwa nisiende kupika

SWALI: Shikamoo anti. Mi nimepanga hapa Kirumba, Mwanza, mlango wa pili anakaa mama mmoja wa Kiislamu, juzi kafiwa na mumewe, alikuwa mvuvi. Nilipojifungua huyu mama ndo alinichemshia maji ya kuoga na kunikorogea uji wiki nzima. Sasa kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema tusipike wala tusile kwenye msiba wa wasio wa imani yetu. Nipo ndani nasikia wanasoma dua, roho inaniuma sana. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na wewe. Nenda. Najua mpaka usome hapa matanga yatakuwa yameshaanuliwa, nenda tu, tena ndo anakuhitaji zaidi maana watu wametawanyika, turubai limeshushwa na yeye yupo kwenye eda, miezi 4 na siku 10 hatoki ovyo, sasa nani atamwendea sokoni Mwaloni kumnunulia dagaa?

Warumi 12:15 inasema "lieni pamoja nao waliao", haijataja dhehebu. Na Mtume Muhammad alipopata habari ya kifo cha Jaafar, binamu yake, aliwaambia watu waipikie familia yake, kwaiyo kupeleka chakula kwa wafiwa ni mafundisho kabisa, sio mazoea ya mtaani tu (mwonyeshe na kiongozi wako, kwa upole). Mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama tulizika Igoma watu ambao wengine hata majina hatukuwajua, Mwanza nzima ililia, mi sikusikia mtu anauliza huyu wa msikitini au wa kanisani.

Ila pika kwa kumheshimu. Nyama achana nayo, habari ya nani kachinja inaleta maneno, we pika sato, samaki kwao hana mambo ya kuchinjwa. Na kama sufuria lako limewahi kupikiwa kitimoto azima la jirani mwingine Muislamu, mwambie ukweli tu, atakuelewa na atafurahi umefikiria. Jitande kanga, vua viatu mlangoni, kaa nae jamvini. Wakisoma dua nyamaza, hakuna atakayekulazimisha kuitikia na imani yako utatoka nayo vilevile.

Usiende na maelezo marefu. Mwambie "mama nimechelewa, nisamehe", alafu angalia ndoo zake za maji, kama ni tupu zichukue ukajaze.