Akainuka Nani? Kujihariri Kabla ya Kutuma Mswada

Swali: Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, maneno kama 62,000. Mwenzangu ananiambia niitume hivyo hivyo kwa mchapishaji, maana kuna wahariri wanaolipwa kwa kazi hiyo. Je, kuna haja ya kuihariri mwenyewe, na nianzie wapi? Au nimtafute tu mhariri nimlipe? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Hongera kwa kufika mwisho, wengi huishia sura ya nne. Mwenzako kasema nusu ya ukweli. Wahariri tupo, ila mswada ambao haujapata mkataba hatuusomi ili tuurekebishe. Tunausoma ili tuamue kama tuuchukue, na mezani ipo mingine inayosubiri. Kurasa kumi za mwanzo zikitusumbua, ya kumi na moja huenda isifunguliwe.

Halafu kuna hili. Makosa ya tahajia naweza kukusahihishia bila hata kukuuliza, lakini ulichokusudia kusema sikijui. Tazama kipande hiki, nimekitunga kwa mfano wa vile ninavyokutana navyo kila mara:

"Zawadi alimtazama mama yake. Akainuka, akaenda dirishani. Akamwambia hataki tena kumwona yule kijana pale."

Aliyeinuka ni nani? Kiswahili kina a- moja tu kwa mwanamke, mwanamume, mtoto na hata mbuzi, na -ka- kazi yake ni kusukuma mambo mbele. Wewe huoni tatizo kwa sababu picha unayo kichwani. Mimi nina karatasi tu. Msemaji akiwa mama, hilo ni katazo. Akiwa Zawadi, penzi limekwisha. Nikibahatisha nikakosea, nimekuharibia riwaya. Na dawa yenyewe ni ndogo:

"Zawadi alimtazama mama yake. Mama akainuka, akaenda dirishani. 'Sitaki tena kumwona yule kijana hapa,' alisema, mgongo kampa binti yake."

Ili uyaone mambo kama haya, kwanza uweke mswada kabatini wiki tatu au nne. Kisha uuchapishe kwenye karatasi, mistari ikiachiana nafasi. Mzunguko wa kwanza usiguse lugha kabisa. Utasumbukia koma za sura ambayo mwishowe utaifuta. Angalia hadithi. Chukua daftari, andika kila sura inatokea siku gani, saa ngapi, wapi, na nani yupo. Niliwahi kusoma mswada ambao mhusika anatoka Tanga mwaka 2023 na basi linamshusha stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, wakati mabasi ya mikoani yalishahamishiwa Mbezi Luis tangu 2021. Mwingine ulikuwa na mjane aliyepata mimba ya miezi kumi na minne. Na saa pia: "saa mbili" ya asubuhi au ya usiku?

Mzunguko wa pili ndio wa lugha. Soma kwa sauti, ujirekodi kwa simu, usikilize hata ukiwa kwenye daladala. Sikio litakamata "alikuwa amekaa akiwa anatazama" ambayo jicho limeizoea. L na r, h zilizodondoka, upatanisho wa ngeli, hayo yapitie na kamusi mkononi.

Tahadhari moja, imenipata mwenyewe. Nilitaka kumbadilisha mhusika Ali awe Saidi, nikaiamuru kompyuta ibadilishe kote kwa mkupuo. Nikarudi na chai yangu nikakuta "Saidikuja", "Saidisema", na marehemu kaacha "mSaidi nyingi". Siku mbili zilipotea. Badilisha moja moja, au angalau ielekeze kompyuta itafute neno zima, si vipande vyake.

Kuhusu kumlipa mhariri: unaweza, ila baada ya mizunguko hiyo miwili, la sivyo utamlipa akutafutie mimba ya miezi kumi na minne. Mpe sura moja kwanza, uone anavyofanya kazi, kisha ndipo mkubaliane bei ya mswada mzima. Na kabla hajaanza, aseme kama anahariri hadithi au anasahihisha lugha tu, kwa sababu hizo ni kazi mbili na malipo yake si sawa.