Maziwa ya kopo kwa mtoto mchanga: maji ya kisima na chupa ya chai

Dada yangu, umeuliza mambo mawili: kwanza, kama maji ya kisima cha hapo kwenu Kisauni yanafaa kumchanganyia maziwa mtoto wa wiki tatu yakishachemshwa, pili, kama unaweza kuyachanganya maziwa ya usiku mapema na kuyaweka kwenye chupa ya chai yasipoe. Jibu langu kwa yote mawili ni hapana. Nilimlea mwanangu kwa maziwa ya kopo kwa sababu niliugua baada ya kujifungua, nasi tulikuwa tukiishi Mtopanga, huko huko Kisauni, kwa hivyo shida ya maji unayoieleza ninaifahamu vyema.

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi; tena kadiri maji yanavyochemka na kupungua, ndivyo chumvi inavyozidi kukolea. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, nasi watu wazima tumezoea kuyaogea na kuyafulia maji hayo bila kuyawazia, ila figo za mtoto mchanga bado ni changa na haziwezi kuitoa chumvi nyingi mwilini. Ikizidi, mtoto hupata kiu na kulia, nawe ukidhani ni njaa humwongezea maziwa yaliyochanganywa kwa maji yale yale. Tumia maji ya mfereji, au ya mwenye mkokoteni unayejua anakoyateka, na uyaonje kila mtungi unapoletwa, kwa maana mtungi wa leo si lazima uwe umetoka ulikotoka wa jana. Maji ya chupa ya dukani yanaweza kutumika ikiwa kibandiko kinaonyesha sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, isiyofikia miligramu 200 kwa lita, nayo pia lazima yachemshwe.

Sasa nije kwenye unga, maana hapa ndipo wengi wetu hatuelezwi vya kutosha. Unga wa maziwa ya mtoto, hata kopo likiwa jipya na halijafunguliwa, unaweza kuwa na bakteria, hasa Cronobacter na Salmonella, ambao ni nadra lakini wanaweza kumdhuru vibaya mtoto wa miezi miwili ya kwanza, aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye kinga dhaifu. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 unataka maji yasiyopungua nyuzi 70 yanapokutana na unga: moto huo ni wa kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga wenyewe, wala si wa kuuyeyusha tu. Chemsha maji hadi yatokote, yaache yatulie kwa muda usiozidi dakika 30, yamimine kwanza kwenye chupa safi ya mtoto iliyochemshwa, kisha utie unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo, ukikisawazisha kwa kisu kikavu kilicho safi. Funga, tikisa, halafu ipoze chupa ndani ya bakuli la maji baridi ambayo hayafiki kwenye kifuniko, na ujidondoshee matone ndani ya kiganja karibu na kifundo cha mkono kabla ya kumpa mtoto.

Vipimo usivibadilishe. Najua bei ya kopo inavyouma, lakini maziwa yaliyozidishwa maji hayamshibishi mtoto na yanaweza kumletea degedege, na yaliyozidishwa unga humlemea figo.

Kuhusu chupa ya chai, maziwa yaliyokwisha kuchanganywa yakikaa humo yakiwa ya vuguvugu, bakteria huzaana upesi sana. Weka humo maji matupu yaliyotoka kutokota, na unga uliopimwa uweke kando kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko, uchanganye mtoto anapoamka. Ikiwa huna uhakika kwamba maji bado ni ya moto sana, yachemshe upya, hata kama ni saa tisa usiku na umechoka. Maziwa yasiyonyweka ndani ya saa mbili yamwagwe. Kwa joto letu hili mimi sikuwa nikingoja hata muda huo. Ukilazimika kuyachanganya mapema, yapoze haraka na uyaweke ndani ya friji kwa muda usiozidi saa 24, na stima ikipotea kwa muda mrefu uyamwage.

Ikiwa titi bado linatoa maziwa, hata kidogo, endelea kumnyonyesha, na umwambie muuguzi wa kliniki kwamba unamchanganyia na ya kopo. Mtoto akikataa kunyonya, akalegea, akapata homa au mwili wake ukawa baridi isivyo kawaida, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na uende na kopo lenyewe ili daktari aone aina ya maziwa na nambari iliyopigwa chini yake.