Kabla ya kutuahidi bima nyingine, lipeni ya zamani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Katika mvutano wa serikali na upinzani kuhusu SHA, ni nani hasa aliyevunja ahadi ya matibabu waliyopewa Wakenya?" SHA ni bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani. Najibu kama mtu aliyekaa nyuma ya dirisha la malipo. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa bima katika hospitali ndogo ya kanisa huko Ukambani. Kazi yangu ilikuwa kujaza madai, kuyatuma, kisha kungoja. Kungoja ndiko kulikokula siku nyingi.

Kwa maoni yangu, swali lenu limewapa wanasiasa heshima kubwa mno. Limechukulia kwamba iko mirengo miwili yenye fikra mbili juu ya afya yetu, mmoja ukivuta huku na mwingine kule. Miaka yote hiyo sikuuona mrengo wa pili.

Anzeni 2013. Uhuru Kenyatta na mgombea mwenza wake, William Ruto, waliahidi kwamba akina mama watajifungua bila kulipa. Juni 1 mwaka huo, Sikukuu ya Madaraka, ada ya kujifungua ikafutwa katika hospitali za umma, na ada za zahanati na vituo vya afya zikaondolewa pia. Ahadi hiyo ilitimizwa, na asiyekubali hivyo ana chuki zake, kwa kuwa akina mama waliokuwa wakizalia nyumbani walianza kwenda hospitali kwa wingi. Baadaye mpango ukapelekwa NHIF na kupewa jina la Linda Mama. Kisha ikaja Ajenda Nne Kuu ya Rais Kenyatta, afya kwa wote ikiwamo, na Desemba 13, 2018 majaribio yakazinduliwa mjini Kisumu kwa kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos.

Machakos naifahamu. Watu walisajiliwa, wakapewa kadi, wakatibiwa katika hospitali za umma bila kutoa shilingi. Kwetu kwenye hospitali ya kanisa vyumba vikabaki vitupu, wauguzi wakawa wanapiga soga. Haikuchukua muda foleni za hospitali za umma zikafurika, wengine wakivuka kutoka kaunti jirani, dawa zikaanza kukosekana, na wagonjwa wetu wakarudi mmoja mmoja na noti zao mkononi. Majaribio yalipokwisha hakuna aliyesimama jukwaani kutueleza yalifunza nini. Wananchi waliambiwa wajiunge na NHIF, basi.

Ikafika 2022. Raila Odinga, akigombea urais, akanadi Baba Care, mpango wake wa matibabu. Ruto, ambaye sasa alikuwa akigombea dhidi ya serikali aliyokuwa naibu wake, akanadi matibabu ya mama mboga na mtu wa bodaboda. Chukueni ilani hizo mbili, futeni majina ya wagombea katika ukurasa wa afya, kisha mnipe mtu anayeweza kuniambia kwa haraka upi ni wa nani.

Ruto alishinda, na Oktoba 19, 2023 akatia sahihi sheria nne zilizoizika NHIF, shirika lililokuwapo tangu 1966, na kuleta SHA. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na hapo ndipo ninapowalaumu wote wawili. Upinzani ulisema ni kodi nyingine. Ni kweli kwamba mwenye mshahara wa shilingi 100,000 alitoka kukatwa 1,700 kwa mwezi akaanza kukatwa 2,750, maana makato ya SHA ni asilimia 2.75 ya mshahara, bila kikomo juu. Lakini anayelipwa 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa anakatwa 550. Huyo sikumsikia akitajwa katika mkutano hata mmoja wa upinzani. Alikuwa akilipa kupita kiasi miaka yote, na wanaojiita watetezi wa wanyonge walinyamaza.

Serikali nayo ilijigamba kwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, ikasema hata mlalahoi atamudu. Kilichosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600 kwa uchache, na kiwango chenyewe hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake. Mtu anayenunua mafuta ya kupima na unga wa kupima ataitoa wapi kwa siku moja? Walipogundua hilo wakaleta mkopo wa kulipia bima. Mama mboga akopeshwe ili aje atibiwe bila wasiwasi wa pesa! Kufikia katikati ya 2025 serikali ilikuwa ikitangaza kwamba zaidi ya watu milioni 20 wamejisajili. Kujisajili ni bure. Wanaolipa ni wachache sana kati yao, na hospitali huendeshwa kwa pesa za wanaolipa.

Mahakama iliingilia. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema sheria tatu kati ya hizo nne zinakiuka Katiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba 1 SHA ikaanza, mitambo ikigoma na wagonjwa wa figo na saratani wakikwama kwenye viti vya kungojea. Mwaka uliofuata Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, Nancy Gathungu, akaandika kwamba mtambo wa kidijitali wa SHA wa shilingi bilioni 104.8 ulinunuliwa kinyume cha taratibu na kwamba serikali haiumiliki. Hapo pangekuwa mahali pazuri pa kubishania.

Badala yake watu walibadilishana viti. John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, chama cha Raila, aliingia serikalini Agosti 2024 kama Waziri wa Fedha, ndiye ashikaye ufunguo wa sanduku. Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu wa Rais sheria hizo zilipotiwa sahihi, aling'olewa Oktoba 2024, na tangu hapo ni miongoni mwa wanaoikosoa SHA vikali. Mimi sikuona fikra za yeyote zikibadilika. Nilichokiona kikibadilika ni upande wa meza.

Sasa niwaeleze kinachotokea huku chini. Mgonjwa mwenye bima akilazwa, hospitali ndiyo inayotangulia kutoa. Inanunua dawa, inajaza oksijeni, inalipa muuguzi wa zamu ya usiku. Ndipo karani kama mimi anatuma madai. Pesa zikichelewa miezi miwili, muuza dawa anavumilia. Zikichelewa sita, anakataa kukopesha. Hapo daktari anaandika dawa kwenye karatasi na kumwambia mgonjwa akanunue nje, na wiki chache baadaye linabandikwa tangazo mlangoni: malipo ni kwa pesa taslimu. Mwenye kadi anasimama mbele ya tangazo hilo akiwa amelipa bima yake yote. Anayetukanwa ni karani. Nimeitwa mwizi na watu wenye haki kabisa ya kukasirika, ila walikosea mlango.

NHIF ilipofungwa iliacha hospitali za nchi nzima zikidai zaidi ya shilingi bilioni 30. Machi 2025 Rais alisema wanaodai shilingi milioni 10 kushuka chini watalipwa, wenye zaidi wakaguliwe kwanza. Sipingi ukaguzi, kwa kuwa madai hewa yalikuwapo na sisi makarani tulijua harufu yake. Lakini hospitali iliyomtibu mtu mwaka 2023 haiwezi kumwambia msambazaji wa dawa angoje kamati.

Wahudumu walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote ni deni la namna hiyo hiyo. Waliajiriwa na serikali ya Jubilee, yaani ya Kenyatta, wakaahidiwa ajira ya kudumu, na mwaka 2025 walikuwa wamepiga kambi nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya, Nairobi, wakidai ahadi hiyo kwa serikali nyingine. Kila utawala hupenda kuzindua. Kurithi hautaki.

Nafahamu kwamba inawezekana kufanya vingine. Jirani zetu wa Makueni walianza MakueniCare mwaka 2016, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, kaya ikilipa shilingi 500 kwa mwaka kwa matibabu katika hospitali za kaunti. Halikuwa jambo kamilifu, lakini mtu alijua analipa nini, wapi, na ni nani wa kuulizwa.

Wakati huohuo, bima halisi ya Mkenya ni kundi la WhatsApp la ukoo na namba ya M-Pesa. Mtu akizuiliwa wodini kwa sababu ya bili, tunachanga. Mbunge wa serikali hutuma elfu kumi na jina lake husomwa. Wa upinzani hutuma kumi na tano, lake nalo husomwa. Kwa nini yeyote kati yao aharakishe kuumaliza mchango unaomtangaza bila gharama ya bango?

Kwa hiyo mkiniuliza ni nani aliyevunja ahadi, nitasema ni yeyote aliyepanda jukwaani na jina jipya kabla ya kulipia la zamani, na hao ni wote niliowataja hapo juu isipokuwa majaji, Mkaguzi Mkuu na gavana mmoja. Tayari wapo wanaotuambia SHA itafutwa baada ya uchaguzi wa 2027. Wakija kwetu nitawauliza mambo mawili, nao wajibu kwa tarehe na kiasi: deni la NHIF litamalizika kulipwa lini, na siku watakapoifunga SHA, hospitali zitakazokuwa zikiidai zitalipwa kutoka mfuko gani?