Hawakupunguza kasi ili wapendwe

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza kama kundi la muziki kutoka nchi isiyozungumza Kiingereza hulazimika kujilegeza, kwa kulainisha sauti, kubadili lugha na kupunguza makali ya mashairi, kabla ya kusikilizwa ng'ambo. Nitajibu kwa kulitazama kundi moja tu, Otoboke Beaver la mjini Kyoto, Japani. Naamini safari ya wanawake hawa inaonyesha kwamba kinachofungua milango ni umahiri, na kwamba tumezoea mno kuuchanganya umahiri na ulaini.

Kundi hili lilianzishwa mwaka 2009 na wanafunzi wa chama cha muziki cha Chuo Kikuu cha Ritsumeikan. Jina walilitoa kwenye gesti moja ya wapenzi ya Osaka, na uteuzi huo peke yake uliwatangazia wasikilizaji kwamba, licha ya magauni ya maua wanayovaa jukwaani, hawakuja kuimba mambo ya maua. Mtunzi mkuu ni Accorinrin, anayeimba na kupiga gitaa, na pamoja naye yupo mpiga gitaa Yoyoyoshie, ambaye huruka na kujitosa katikati ya watazamaji bila kuharibu kipande anachopiga. Wapigaji wa awali wa besi na ngoma waliondoka, nafasi zao zikachukuliwa na Hirochan na Kahokiss, na ni kikosi hicho kilichorekodi albamu zilizolijengea kundi jina.

Muziki wao umetokana na panki, yaani roki ya makelele na uasi, na hasa panki ya hadkoo, ile ya kasi kubwa na nyimbo fupi ambayo Japani ilikuwa imeshaipokea mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupitia makundi ya Tokyo kama GISM na Gauze. Hata wakati huo wanawake walikuwamo: kundi la The Comes, lililotoa albamu yake ya No Side mwaka 1983, liliongozwa na sauti ya mwanamke aitwaye Chitose. Huko Osaka, Shonen Knife, kundi la wanawake peke yao lililoanza mwaka 1981, lilichagua njia ya panki yenye tuni tamu, nalo likafika mbali kiasi cha kuzunguka Uingereza pamoja na kundi la roki la Marekani, Nirvana, mwaka 1991. Ninawataja Shonen Knife kwa heshima, maana utamu ule ulikuwa wao wenyewe na haukuwa chambo cha kuwavutia wageni. Lakini baada yao wengi walidhani kwamba kundi la wanawake wa Kijapani litapendwa nje ikiwa tu litapendeza na kuchekesha kidogo. Otoboke Beaver walikuja na jambo jingine kabisa.

Tazama wanachokiimba. Nyimbo za mwanzo zimejaa wivu na hasira ya mwanamke ambaye sisi tungemwita nyumba ndogo: mwanamume humkumbatia, kisha huondoka kwenda kula chakula alichopika mkewe. Baadaye Accorinrin aliugeukia mzigo wa adabu ambao mwanamke wa Kijapani hutwishwa kila siku. Upo wimbo unaokataa kuwapakulia wengine saladi, kwa kuwa katika karamu za wafanyakazi mwanamke hutarajiwa kugawa chakula ili aonekane mwema na mwenye kujali. Upo mwingine unaokana kwamba kila mwanamke amezaliwa na hisia za umama. Haya ni mambo ya mezani na ya nyumbani, yanayoelezwa kwa Kijapani chenye lafudhi na misemo ya Kansai, eneo lenye miji ya Kyoto na Osaka, pamoja na Kiingereza cha hapa na pale. Mwandishi mwoga angeyaona ni madogo mno au ya mahali pamoja mno kuweza kuvuka bahari, lakini yamevuka.

Wapo wanaosema kwamba muziki huu ni makelele tu, na kwamba mtu yeyote mwenye hasira na gitaa anaweza kuupiga. Siwezi kukubaliana nao hata kidogo. Wimbo wa Otoboke Beaver hukimbia kwa kasi ya kutisha, hukatika ghafla kama uzi, hukaa kimya kwa muda wa kupepesa jicho, kisha wote wanne huingia kwa pamoja katika mwendo mpya kabisa, huku sauti nne zikijibizana kwa vifijo vilivyopangwa silabi kwa silabi. Mmoja wao akichelewa hata kidogo, jengo lote linaanguka. Hasira wanayo kweli, ila imefanyiwa mazoezi mpaka kila pigo likapata mahali pake. Albamu yao ya Super Champon, iliyotoka Mei 2022, ina nyimbo 18 katika muda wa takribani dakika 21, na baadhi ya nyimbo hazifiki hata nusu dakika. Ufupi huo ni kazi ya mtunzi anayejua aondoe nini, na kwangu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote.

Njia ya kufika hapo haikuwa nyepesi. Kwa miaka mingi wanachama walikuwa waajiriwa wa kawaida na ziara za nje walizibana ndani ya likizo. Mwaka 2016 Damnably, kampuni ya kutoa rekodi ya London, ambayo pia imetoa kazi za Shonen Knife, ilikusanya rekodi zao katika albamu ya Okoshiyasu!! Otoboke Beaver. Walitumbuiza katika tamasha la SXSW huko Texas mwaka 2017 na Coachella huko California mwaka 2018, kisha albamu ya Itekoma Hits ikatoka mwaka 2019. Hatimaye waliziacha ajira zao ili wauishi muziki. Janga la korona likafunga mipaka na kumbi, nao wakarudi kwenye ziara kukiwa na hadhira kubwa zaidi ya waliyoiacha.

Najua kuna pingamizi moja lenye uzito, kwamba huenda hadhira ya Ulaya na Marekani inawapenda kwa ugeni wao tu, kama kioja cha kutoka mbali. Sikatai kwamba wapo watazamaji wa aina hiyo. Lakini mtu aliyevutwa na kioja hutosheka akishakitazama mara moja, ilhali kundi hili limejenga watu wanaorudi mwaka baada ya mwaka, wanaonunua rekodi, na wanaopiga kelele za kuitikia kwa Kijapani wasichokielewa vizuri, na kunyamaza pale pale kundi linaponyamaza. Kwa msomaji atakayetaka kupima ninayoyasema, ningeshauri aanze na Itekoma Hits, aisikilize yote kwa mfululizo na kwa sauti kubwa, halafu ndipo aende kwenye Super Champon.