Lebo ilisema hakuna gluteni, tumbo likakataa

Juzi msomaji wa Kondoa kanitumia picha ya pakiti ya unga. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa: HAUNA GLUTENI. Mwezi uliopita hospitali wamemwambia ana siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano na jamaa zake, huharibu utumbo. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, nile?"

Nilicheka, kisha nikakasirika, maana pakiti ya namna hiyo ndiyo iliyonilaza mwaka juzi.

Safari yangu ya vipimo nisiwachoshe nayo. Miaka ya kuharisha, damu kupungua, dawa za minyoo, dawa za amiba, hadi daktari mmoja akaniambia: ngano, shayiri na rai (nafaka ya Ulaya, jamaa ya ngano) basi, maisha yako yote. Wifi yangu akasema huo ni ugonjwa wa Wazungu, mimi najideka. Hajaniomba radhi mpaka leo, na mimi sijasahau.

Lakini nilijiona nimepona kirahisi. Mimi ni wa Dodoma. Ugali wa mtama na uwele kwa mlenda nimekulia. Mtama hauna gluteni, uwele hauna, mahindi na mchele vivyo hivyo. Nikawa nawacheka walioko ughaibuni wanaohangaika na mikate ya bei mbaya.

Siku moja, duka moja karibu na soko la Majengo, nikaona unga wa mtama kwenye pakiti nzuri yenye lebo hiyohiyo. Nikanunua kilo tano, nikajipongeza na kujipiga picha. Wiki ya pili tumbo limejaa kama ngoma, choo hakishikiki. Nikasingizia maji.

Namba ya simu ilikuwa kwenye pakiti, nikafuatilia hadi mashineni. Mashine ilikuwa moja tu. Mbele yangu mama mmoja alisagiwa uji wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano. Alipomaliza, ukamiminwa mtama wa pakiti. Nikauliza kama huwa wanasafisha. Kijana akapuliza vumbi kwa mdomo, akaniambia, "Mama, mtama hauna ngano."

Kweli, mtama hauna. Mashine ndiyo inayo.

Mwenye unga hakukusudia kunidhuru, ila hakuwahi kupima. Lebo ni ahadi ya kipimo. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyoitwa Codex, vinataka gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo, na Marekani na Umoja wa Ulaya wanatumia kiwango hichohicho. Kwa hesabu hiyo, hata ukila nusu kilo nzima umeingiza miligramu 10, na wagonjwa wengi huzihimili kwa siku. Kwa hiyo bidhaa za viwanda vinavyopima mimi nakula bila wasiwasi. Siyo sifuri, lakini inatosha. Na "haina ngano" siyo "haina gluteni": kimea cha shayiri kinaweza kuwamo.

Ndugu zangu, tuache uvivu! Geuza pakiti, soma nyuma. Nani kapima? Nunua nafaka nzima, chagua punje, osha, anika, saga mwenyewe; mimi nina blenda yangu na haijawahi kuonja ngano. Soma nyuma, narudia. Halafu unasoma nyuma vizuri, unaenda kula chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya maandazi! Moto hauui gluteni, hiyo siyo bakteria. Na wewe unayejihisi tu una siliaki, usiache ngano kabla ya kupimwa, majibu yatakudanganya.

Kipimo changu cha damu cha mwisho kilikuwa safi. Nilikituma kwenye grupu la familia. Wifi kakiona, alama mbili za bluu, kimya.

Sasa mdogo wangu wa Kondoa: nimekuza picha yako. Nyuma ya pakiti kuna uzito na namba ya simu, basi. Hakuna kiwango, hakuna neno kuhusu kupima. Mpigie muulize mashine yake inasaga nini kingine. Akisema "kila kitu," mpe jirani huo unga.